Kitabu Kianzie kwa Nani?

Ukimaliza kuandika, kazi ya moyo imekwisha na kazi ya makaratasi inaanza. Hapo ndipo wengi wetu tunaoandika hapa Kampala tunapokwama. Mswada upo, umejaza daftari tatu au umelala kwenye simu, marafiki wawili wameusoma wakasema ni mzuri, na sasa swali linakuja: niutoe wapi? Mmoja atakuambia peleka Amazon, dunia nzima ikuone. Mwingine atasema achana na mambo ya mbali, nenda Nasser Road wakupigie nakala mia uuze mkononi. Wa tatu atacheka tu: ndugu, weka PDF kwenye WhatsApp, watu wakutumie pesa za simu, yamekwisha.

Swali hili huwa tunalijibu kibiashara: wapi nitapata zaidi, wapi nitapoteza kidogo. Si vibaya. Mwandishi naye anakula, analipa nyumba, ana mtoto wa shule. Lakini mimi naona chini ya swali hilo kuna lingine, la haki na wajibu, na hilo tunaliruka. Ukichagua mahali pa kutoa kitabu, umechagua watakaokisoma kwanza. Na ukichagua watakaokisoma, umechagua pia nani ataweza kukujibu. Kwa mtu anayeandika habari za watu waliokimbia, wengi wao wakiwa hai na wanaishi mtaa wa pili, hilo si jambo dogo.

Haya, tuanze na hesabu, maana wazo lisilojua bei ya karatasi ni upepo tu.

Kutoka Nakivubo, pale kati ya uwanja wa mpira na soko la Owino, hadi Nasser Road ni mwendo wa miguu usiofika nusu saa. Ule ni mtaa wa wapiga chapa: kalenda, kadi za harusi, vitabu vya risiti, picha za wagombea wakati wa kura. Kijitabu nacho kinatoka hapohapo. Karatasi moja ya A4 ukiikunja katikati inakupa kurasa nne ndogo. Karatasi nane zinakupa kurasa 32, unapiga stepla mbili mgongoni, kitabu kimekuwa kitabu. Ndiyo maana kurasa za kijitabu cha namna hiyo lazima zigawanyike kwa nne. Zisipogawanyika utalipia kurasa tupu. Mashine ya ofseti inataka sahani, na sahani unazilipia zilezile, uchape nakala kumi au elfu. Kwa hiyo nakala zikiwa chache, fotokopi ndiyo rafiki yako. Zikiwa nyingi, ofseti inashusha bei ya kila moja.

Ubaya wa njia hii unajulikana. Unalipa kwanza, unauza baadaye. Mzigo unakaa chumbani kwako, chini ya kitanda, na mvua ya Kampala ikipiga, mfereji wa Nakivubo ukifurika, maji hayaulizi kama lile boksi ni la viatu au la riwaya.

Amazon, kwa huduma yake ya KDP, haikuombi hata shilingi ya kuanzia. Unapandisha faili, unaweka jalada, unapanga bei. Kitabu cha karatasi kinachapwa pale tu mtu anapokinunua. Uzuri huo ni wa kweli, tusiudharau. Lakini soma masharti yake polepole. Mwandishi hupata asilimia 70 ya bei ya kitabu cha kielektroniki ikiwa bei iko kati ya dola 2.99 na 9.99, na ikiwa mnunuzi yuko katika nchi zilizo kwenye orodha yao. Uganda haimo. Kenya, Tanzania na Kongo hazimo. Huko mauzo yanahesabiwa kwa asilimia 35. Maana yake, kitabu cha dola 2.99 kikinunuliwa na mtu wa Marekani, unapata kama dola mbili kabla ya kodi. Jirani yako wa Katwe akikinunua kwa bei hiyohiyo, unapata kama dola moja. Msomaji wa karibu amehesabiwa nusu.

Halafu kodi. Serikali ya Marekani hukata asilimia 30 ya malipo ya haki za mtunzi yanayotoka kwake, kama nchi yako haina mkataba wa kodi nayo, na hizi nchi zetu hazina. Fomu yenyewe inauliza nchi ya uraia wako na nchi unayoishi, kila moja kwenye kisanduku chake. Mtu mwingine anajaza kwa sekunde mbili. Mkimbizi anashika kalamu, anafikiri kwanza.

Na lugha je? Kwa miaka mingi orodha ya lugha zinazokubaliwa na KDP imekuwa na Kiwelisi, na Kikornishi cha kule pembe ya Uingereza, na Kiafrikana, lakini Kiswahili hakimo. Wanaotoa vitabu vya Kiswahili huko huwa wanataja lugha nyingine kwenye fomu ili kitabu kipite. Fikiria: lugha inayosemwa na mamilioni ya watu kutoka Lamu hadi Lubumbashi inaingia dukani kwa jina la mgeni, kama mtu aliyevuka mpaka na karatasi za mwingine.

Njia ya tatu, ya simu, ndiyo inayotufanana. Tangu 2019 mamlaka ya mawasiliano ya Uganda inaruhusu mkimbizi kusajili laini kwa kitambulisho chake cha ukimbizi au barua ya kumtambulisha, na mwenye laini anaweza kupokea pesa za simu. Faili unaituma leo, inafika Nakivale jioni hiyohiyo, na kwa ndugu waliopelekwa Kanada na Australia. Ila nayo ina mashimo yake. Julai 2018 kila anayetumia WhatsApp na mitandao mingine alianza kutozwa shilingi 200 kwa siku. Julai 2021 kodi hiyo ikaondolewa, ikaja asilimia 12 juu ya bando la intaneti. Wakati wa uchaguzi wa Januari 2021 intaneti ilizimwa nchi nzima kwa siku kadhaa. Na majukwaa yenyewe hufa. OkadaBooks ya Nigeria, iliyoanza 2013 na kubeba vitabu vya waandishi wengi wa Kiafrika waliojichapishia wenyewe, ilifungwa mwisho wa 2023. Kitabu cha karatasi kinaweza kulowa. Duka la intaneti likifungwa, rafu zote zinaondoka siku moja.

Basi hesabu hiyo imetupeleka wapi? Imetuonyesha kwamba hakuna njia ya bure. Kila njia inamtoza mtu fulani: mwandishi, msomaji wa karibu, au msomaji wa mbali. Hesabu haiwezi kutuambia ni nani anayestahili kubeba mzigo huo. Hapo ndipo swali langu linapoanzia.

Sisi wakimbizi tuna historia yetu ya kusimulia. Kabla hatujaandika hata sentensi moja ya kitabu, tumeshasimulia maisha yetu mara nyingi mno. Ulisimulia kwenye usajili. Ulisimulia kwenye mahojiano ya kutambuliwa. Ukaja kusimulia tena kwa watu wa kuhamishiwa nchi ya tatu, kwa mtafiti mwenye kinasa sauti, kwa shirika linalotaka picha. Kote huko uliyemsimulia alikuwa juu, wewe chini. Yeye ana kalamu na muhuri. Na walioko ndani ya hadithi yako, yaani dada uliyeachana naye njiani, jirani aliyekuficha, mtu aliyekutoza pesa kwenye kizuizi, hakuna hata mmoja aliyekuwepo chumbani kusema "hapana."

Kusimulia kwa namna hiyo kunatufundisha umbo fulani: tarehe, sababu, ushahidi, machozi mahali pake. Simlaumu yeyote, ofisi inataka maelezo yanayoingia kwenye fomu, na mtu anayetafuta usalama atayatoa. Lakini umbo hilo likishazoeleka linaingia hata kwenye vitabu. Mtu anaandika kumbukumbu zake kama bado yuko mbele ya meza ile. Anamwandikia msomaji wa juu, aliye mbali, ambaye lazima ashawishike. Akishamaliza, anapeleka kitabu kwenye jukwaa la mbali, kwa lugha ya mbali, kwa bei ya kadi ya benki. Mahojiano yameendelea, tofauti ni kwamba sasa anayehoji ananunua.

Kumbe kutoa kitabu mwenyewe ni nafasi adimu ya kusimulia kwa upande, mtu kwa jirani yake. Na jirani ni msomaji mgumu. Yeye alikuwepo. Anajua kwamba lile daraja halikuvunjwa Jumanne. Anajua kwamba yule unayemwita shujaa alikuwa na deni la watu. Mama aliyevuka nanyi Bunagana akisikia ukurasa wako wa 12 ukisomwa atakukatiza hapohapo: "Hapana, mwanangu, haikukuwaka vile." Neno hilo moja lina thamani kuliko nyota tano za mnunuzi asiyekujua, maana linaweza kukuzuia kusema uongo juu ya watu ambao hawana pengine pa kukata rufaa.

Jambo hili si geni katika lugha yetu. Watunzi wa tenzi za pwani walikuwa na desturi ya kufunga kazi kwa kujitaja na kuwaomba wasomaji wasahihishe palipokosewa. Washairi wa Mombasa walijibizana kwa beti, Muyaka bin Haji akiwa mmojawapo, na mtu aliyetupa shairi mjini alijua kabisa kwamba jibu liko njiani. Utungo ulikuwa kitu cha kujibiwa.

Na kwa sisi tuliotoka upande wa Kongo kuna mfano wa karibu zaidi. Mwaka 1965, katika mji ambao wakati ule bado uliitwa Elisabethville, leo Lubumbashi, chama cha watu waliokuwa wamefanya kazi za nyumbani kwa Wazungu kilitoa historia ya mji wao. Aliyeisimamia anaitwa André Yav. Jina la kitabu ni la Kifaransa, *Vocabulaire de ville de Elisabethville*, lakini ndani ni Kiswahili, tena si cha shuleni, ni kile walichokuwa wanasemeshana. Kilipigwa taipu na kutolewa nakala. Hakukuwa na kampuni ya vitabu iliyowaita. Wapishi na wafagizi waliandika mji ulivyoonekana kutoka jikoni, wakawapa wenzao waliokuwa nao jikoni humo. Miaka 25 baadaye, mwaka 1990, mwanaanthropolojia Johannes Fabian alikitoa Amsterdam pamoja na tafsiri ya Kiingereza, na leo wanazuoni wa dunia wanakisoma. Angalia mpangilio: kwanza kilikuwa mikononi mwa waliokuwa na uwezo wa kukibishia, ndipo kikasafiri. Na kilichowapa wa mbali hamu ya kukisoma ni kwamba hakikuandikwa kwa ajili yao.

Sasa kuna wenzangu watakaonipinga, na wana haki. Nawasikia watatu.

Wa kwanza anasema: ndugu, wewe unaongea haki, mimi nina njaa. Msomaji wa Nakivubo hana pesa ya kitabu, anahesabu nauli. Msomaji wa Marekani ana kadi. Namjibu: kauze kwa mwenye kadi, nani amekukataza? Ninachoomba ni mpangilio. Ukiwa na kurasa zinazohusu watu wengine, wao wazisikie kabla ya mwenye kadi. Nakala kumi za fotokopi, au jioni moja ya kusoma kwa sauti nyuma ya kanisa au kwenye saluni wanakosukana nywele, haitakumaliza. Tena wengi tuliowaandika hawasomi. Kwao kitabu ni sauti. Baada ya hapo kipandishe kokote. Njaa inaweza kuhalalisha kuuza hadithi yako. Sioni inavyoweza kuhalalisha kuuza ya mama wa mwenzio bila yeye kujua kwamba yuko sokoni.

Wa pili ana hoja nzito zaidi. Anasema: jirani huyo unayemsifu ndiye ninayemwogopa. Tumekimbia vita, na vita haina mpaka. Kwenye uwanja mmoja wa nyumba za kupanga hapa Kampala wanaishi watu wa pande mbili za vita ileile. Nikitaja kikundi, nikitaja kilima, jibu halitakuja kwa maneno. Hapa sina ubishi. Kuwa tayari kujibiwa si sawa na kujianika kwa anayetaka kukudhuru. Tumia jina la kubuni, badilisha kijiji, unganisha watu wawili wawe mmoja. Ila ujue kila njia inaficha kwa kipimo chake. Jukwaa kubwa litakuruhusu jina la kubuni kwenye jalada, lakini kwenye akaunti litataka jina lako la serikali, na kitabu kikishaingia kwenye utafutaji wa intaneti kitafika hadi kule ulikokimbia. Kijitabu cha nakala hamsini kinatembea taratibu, unajua kilipo. WhatsApp inatembea haraka na hujui iliko. Na usalama unaouhesabu usiwe wako peke yako: wewe pengine umeshapata ndege ya kuhamishwa, uliyemwandika bado yuko kwenye kile chumba.

Wa tatu ni dada anayesema: kuna mambo siwezi kuyasema mbele ya jirani. Yaliyotendwa kwenye mwili wangu nitayasema kwa mtu asiyenijua, mbali, ambaye hatanitazama nikipita kwenda kuchota maji. Hoja hii ndiyo iliyonifanya niipunguze kanuni yangu, na naamini imekuwa bora kwa kupunguzwa. Hadithi iliyo yako wewe tu, mwili wako, aibu uliyobebeshwa, huwiwi na jirani. Ipeleke unakopumua. Jukwaa la mbali, lugha ya mbali, jina la mbali, vyote ni halali, na pengine ndiyo dawa yenyewe. Wajibu ninaousema unaanza pale mtu wa pili anapoingia kwenye ukurasa.

Utaniambia hakuna hadithi isiyo na mtu wa pili. Kweli, na ndiyo maana uamuzi huu haufanywi mara moja kwa kitabu kizima. Unafanywa ukurasa kwa ukurasa. Kuna sura inayoweza kwenda moja kwa moja kwa dunia. Kuna sura inayodai upande boda, uende Nsambya, ukae na mtu, usome, unyamaze, usikilize. Baada ya hapo anaweza kukuambia liache jina langu, au lifute, au hiyo si hivyo. Yeye hawi mhariri wako. Neno la mwisho ni lako, wewe ndiye unayeandika. Lakini kukataa neno lake baada ya kulisikia ni jambo moja, na kulikwepa kwa kuchagua duka asiloweza kuingia ni jambo jingine kabisa.

Kuna na upande wa sheria, tusiusahau, maana heshima ya kazi inaanzia hapo. Kwa sheria ya hakimiliki ya Uganda ya 2006, haki ya mtunzi haisubiri cheti. Inakuwepo kazi ikishaandikwa. ISBN inatolewa na Maktaba ya Taifa, Buganda Road. Ukichukua ISBN ya bure ya KDP, inatumika hukohuko kwao tu. Huwezi kuibandika kwenye nakala za Nasser Road. Kwa hiyo mwenye nia ya kitabu chake kutembea njia mbili ni vizuri achukue namba yake mwenyewe, na nakala zake ziwekwe maktaba kama sheria inavyotaka. Siku moja mtoto aliyezaliwa hapa, asiyeikumbuka Kivu wala kuijua, atauliza watu wetu walikuwa nani. Itakuwa vema akute kitabu ambacho watu hao wenyewe waliwahi kukishika.

Kwa anayesubiri jibu la swali la mwanzo, nina pendekezo la kazi ya jioni moja. Chukua mswada wako na karatasi tupu. Andika majina ya watu wote walio hai waliomo ndani. Pembeni ya kila jina weka alama ikiwa mtu huyo ataweza kukisoma kitabu, au kusomewa, mahali unapotaka kukitoa: kwa lugha yake, kwa pesa yake, kwa simu aliyo nayo. Ukikuta alama ni nyingi, endelea. Ukikuta hakuna hata moja, bado hujakosa jukwaa. Kuna watu hujawatembelea.